Mota ya Sangara

Jumatatu ile malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka geti la forodha la Busia, upande wa Uganda, hadi mbele ya kituo cha mafuta, na madereva walikuwa wamekata tamaa kabisa. Wengine walinyolewa ndevu chini ya matrela yao, wengine walikula chapati za mayai wakiwa wamechuchumaa. Waendesha boda boda walipita katikati ya watu wakipiga honi bila sababu. Wabadilisha fedha waliita kila mtu "bosi", hata wasichana.

Katika msongamano huo alikuja msichana mmoja akitokea upande wa Kenya. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lenye mikono ya puto, na miguuni raba nyeupe. Viatu vyake vya visigino virefu vilichungulia kwenye mkoba, vikingoja mahali pa heshima. Alikuwa amekumbatia boksi kama mtu anayekimbiza mtoto mgonjwa hospitali.

"Dada, humo ndani kuna nini?" askari wa ukaguzi alimuuliza.

"Gari."

"Gari?"

"Gari, afande."

Askari alifunua boksi. Ndani kulikuwa na kijigari cheupe kisicho na paa, urefu wa mkono, kikiwa na viti vyekundu, mataa ya kung'aa, na juu ya boneti kimto cha hariri kilichoshonewa lulu za plastiki.

"Umeinunua Kenya?"

"Afande, gari hii ni yangu, natoka nayo Tororo asubuhi. Ilikwenda imekufa, na sasa inarudi imekufa. Fundi wa simu huko ng'ambo amenifukuza, amesema hatibu matoi."

Pembeni yao alisimama kijana aliyekuwa akisubiri karatasi za lori zigongwe muhuri. Shati lake la samawati lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ilisimama, kitambulisho cha wakala wa forodha kilining'inia shingoni, na kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wenzake huweka kalamu, alikuwa na bisibisi ndogo. Aliitwa Ojiambo.

"Afande," alisema, "hiyo ni maiti. Inarudishwa kwao ikazikwe. Utadai ushuru kwa wafiwa?"

Watu wote kwenye foleni walicheka. Askari naye akacheka, akamsukumia msichana boksi lake.

Msichana peke yake hakucheka. "Nani wa kuzikwa? Mimi nataka afufuke."

Ojiambo alisahau karatasi za lori. Aliinua kijigari, akakigeuza, akanusa tumbo lake kama mpishi anayenusa samaki sokoni.

"Mota imeungua. Ulikuwa unaibebesha nini?"

Msichana alitazama chini. "Keki."

"Keki?"

"Mara moja tu."

"Keki ya aina gani?"

"Ya ghorofa tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Tulifunga na toroli nyuma."

Ojiambo alicheka mpaka akashika meza ya ukaguzi. Sasa msichana naye alishindwa kujizuia, na alipocheka, mwanya wake wa mbele ulionekana, na Ojiambo alijua kwamba hata kama lori lile lingelala pale mpaka Krismasi, yeye hana habari.

"Unaitwa nani?"

"Apendi."

"Hapendi nani?"

"Apendi! Toa hiyo H yako. Ni jina ya kwetu, Tororo."

"Kumbe. Mimi Ojiambo. Na mimi napenda."

"Unapenda nini?"

"Magari," Ojiambo alisema haraka, akaona haya.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya maegesho ya malori: meza moja, feni moja, mafaili mpaka darini. Lakini alipofungua droo, Apendi alishangaa. Hapakuwa na hata karatasi moja. Kulikuwa na matairi madogo ya sponji, gia za kila ukubwa, nyaya nyekundu na nyeusi, na chuma cha kulehemu. Chini ya meza, juu ya taulo safi, lilipumzika gari la rimoti la buluu, pana, limechorwa mapezi na jicho kubwa la samaki.

"Huyo ni Sangara," Ojiambo alisema. "Jumapili tunashindana mchangani Majanji, kando ya ziwa, mimi na wanaume wengine watatu. Watu wazima, wote tuna kazi."

"Na wake zenu wanasemaje?"

"Watatu wana wake. Wake zao wanalalamika."

"Na wa nne?"

"Wa nne hana wa kumlalamikia."

Apendi alitabasamu, akatandaza kiganja ili amshikie skrubu. Ojiambo alifungua kijigari, skrubu moja baada ya nyingine, akiziweka juu ya kiganja kile taratibu kuliko ilivyohitajika. Mota ilipotoka ilikuwa nyeusi mdomoni, na harufu ya waya ulioungua ilijaza chumba.

"Atapona?" Apendi aliuliza.

"Tutambadilishia moyo. Kwani una haraka?"

"Sana! Nina harusi Jumamosi, hapa hapa Busia. Gari hii ndiyo inaleta pete mbele ya watu. Bila yeye mimi ni mtu wa kuchekwa."

Hapa ni lazima tuseme jambo moja waziwazi. Apendi alikuwa mpambaji wa harusi. Alikuwa na duka Tororo mjini, kwenye mtaa ambao ukiinua macho unaona mwamba mkubwa wa mji umesimama juu ya mabati. Alikodisha magauni, viti, mahema na maua. Kwa watu wa kazi hiyo, kusema "nina harusi Jumamosi" ni kama daktari kusema ana mgonjwa. Ojiambo hakulijua hilo. Alisikia maneno yale kama ambavyo wewe na mimi tungeyasikia barabarani: msichana huyu mwenye mwanya anaolewa Jumamosi.

Bisibisi ilimtoka mkononi ikaanguka chini ya meza. Aliinama kuitafuta, akakaa huko kwa muda.

"Umeiona?" Apendi aliuliza.

"Bado," alijibu, akiwa ameishika.

Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Hongera," alisema.

"Asante, dia! Mungu akijalia itapendeza."

Jioni yake simu ya Apendi ilimkuta Ojiambo akila wali bila hamu.

"Oji! Mgonjwa wangu amelala vizuri?"

"Amelala. Wewe je? Maandalizi?"

"Nimechoka! Gauni bado linakaza kiunoni. Na mama yake Owor leo amekataa maua meupe, anataka zambarau."

"Owor ndiye bwana harusi?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mama mkwe anakusumbua."

"Mama mkwe wote wanasumbua, Oji, hujui? Mimi nimezoea."

Ojiambo aliweka kijiko chini. Amezoea? alijiuliza. "Na yeye Owor mwenyewe anasemaje?"

"Owor ni mtu mzuri. Anapiga simu kila siku, anauliza kama mambo iko sawa. Mimi namwambia, mpenzi, wewe tulia, lete mwili wako tu."

"Sawa."

"Lakini na wewe nimeongea mpaka simu imekuwa moto. Kiswahili yako ya vitabu inanifurahisha."

"Si vizuri, Apendi."

"Nini si vizuri?"

"Kuongea hivi. Ni dhambi."

"Dhambi gani? Ni bando!" Apendi alicheka, akakata.

Upande wa Tororo, binamu yake Prossy, ambaye walifanya kazi pamoja, alikuwa akimsikiliza huku akikunja vitambaa vya meza. "Umepata mtu," alisema.

"Sijui," Apendi alisema, akitazama simu kama inaweza kumjibu. "Mpakani alikuwa moto. Kwa simu anakuwa kama padri."

Ojiambo alitafuta mota Busia zote mbili. Kwa Wakenya alipata za feni, kwa Waganda alipata za cherehani. Muuzaji wa Nairobi alisema yake ingefika wiki ijayo. Jumatano mchana alifunga mlango wa ofisi, akamtoa Sangara chini ya meza, akamweka mbele yake. Walitazamana na lile jicho la samaki kwa muda mrefu.

"Usiniangalie hivyo," Ojiambo alimwambia. "Anaolewa mara moja tu."

Akamfungua. Mota ya Sangara na ile iliyoungua, kwa nje, zilikuwa kama mapacha: unene ule ule, matundu ya skrubu yale yale. Tofauti ilikuwa ndani. Ile ya kijigari ilitengenezwa kwa kutembea kwa adabu kati ya viti vya wageni. Hii ilitengenezwa kwa kufukuzana mchangani. Ojiambo alilehemu waya mwekundu, kisha mweusi. Aliingiza mota mahali pake, akachana kipande chembamba cha karatasi, akakibana kati ya meno ya gia ndogo na gia kubwa ili zisikabane, akakaza skrubu, akavuta karatasi. Alikigusa kijitufe cha rimoti kwa ncha ya kidole. Magurudumu yalinguruma, taulo likaruka likamfunika uso.

"Mtu akiigusa taratibu, hakuna shida," alijisemea. "Nitamweleza."

Alikusudia kumweleza. Alhamisi alipanda gari hadi Tororo, boksi mapajani, maneno kichwani: gusa kidogo, usibonyeze mpaka mwisho. Lakini alipofika mlangoni mwa duka alimkuta Apendi mbele ya kioo kirefu. Alikuwa amevaa gauni jeupe la harusi, lenye mkia uliotambaa mpaka mlangoni, na shela kichwani. Prossy alikuwa ameinama na pini mdomoni. Bi harusi mwenyewe, Robinah, alikuwa na mwili kama wa Apendi, na ndiyo sababu Apendi alilipima mwilini mwake mwenyewe kabla ya kulirekebisha. Lakini Robinah hakuwepo hapo, na gauni halikusema ni la nani.

"Oji! Umekuja mwenyewe!" Apendi aligeuka, na shela likageuka naye. Alimkimbilia huku ameshika mkia wa gauni. Aliangalia ndani ya boksi, akapiga kigelegele. "Asante, mpenzi wangu!"

Haya ndiyo maneno aliyowaambia wateja na wauza maua, hata wabeba viti. Ila safari hii sauti ilitetemeka, na Prossy aliinua kichwa. Ojiambo alisikia, naye alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika. Mwanamke ndani ya gauni la harusi ananiita mpenzi wake!

"Imekamilika," alisema kwa ukavu. "Betri imejaa."

"Kaa kwanza. Prossy ameleta kalo, ile ugali ya wimbi, na kunde. Nilisema labda tutakula pamoja."

"Nina lori linaningoja."

"Basi Jumamosi utakuja?"

"Mimi? Kwenye harusi yako? Hapana, dada."

"Dada?" Apendi alisema.

Lakini Ojiambo alikuwa ameshatoka. Alifika karibu na Busia ndipo alipokumbuka kwamba hakusema lolote kuhusu kubonyeza. Alitoa simu. Akaifikiria ile "mpenzi wangu". Akairudisha mfukoni. "Bwana yake atamsaidia," alisema. Kosa lake lilikuwa hilo, na alilifanya akiwa na akili timamu.

Jumamosi ilipambazuka bila wingu. Hema la harusi lilisimamishwa kwenye uwanja wa kukodi mtaa wa Sofia, pale ambapo Uganda inaishia kwa kushtukiza: nyuma ya uzio kuna kijia cha miguu, na ukitembea kidogo unajikuta unasalimiwa na mtandao wa simu wa Kenya. Apendi alipamba kila kitu kwa zambarau. Alivaa gauni la kijivu la kazi, kalamu sikioni, na sasa vile viatu vya visigino virefu vilikuwa miguuni.

Mchungaji aliuliza pete. Muziki ukapigwa. Msimamizi wa bwana harusi, Edeku, mwanaume mnene mwenye suti ya kung'aa kama samaki aliyetoka majini, alipewa rimoti, maana ndivyo familia ilivyotaka.

"Unabonyeza hapa tu, mpenzi," Apendi alimnong'oneza.

Edeku alibonyeza. Mpaka mwisho.

Kijigari kiliondoka kwa mlio kama wa nyigu elfu. Kilipita kati ya viti, kikapita kati ya miguu ya Owor, kikapita chini ya joho la mchungaji ambaye aliruka na kusema neno lisilo la Biblia. Edeku, kama mtu aliyeshika waya wa umeme, badala ya kuachia alizidi kubana. Kijigari kiligonga ukingo wa zulia, kikaruka, kikachana pazia la zambarau, kikapenya tundu la uzio, na mlio wake ukawa unapungua, unapungua, kwenda Kenya.

Wageni walisimama juu ya viti kuangalia uzio. Kisha Robinah akaanza kulia.

Ojiambo alikuwa ofisini, amevua viatu, akijifanya anasoma fomu za mahindi. Simu ililia.

"Ojiambo! Umenifanyia nini?"

"Nani... Apendi? Hujambo?"

"Gari yako imetoroka na pete! Imevuka boda! Mchungaji ameumia goti! Bi harusi analia!"

"Pole. Jamani, pole sana. Usilie, Apendi."

"Mimi silii! Mimi nina hasira! Nimesema bi harusi analia!"

"Ndiyo, nakusikia. Usilie."

"Ojiambo, una masikio? Bi harusi! Robinah! Amekaa chini na gauni yake, wanja imefika kidevuni!"

Ojiambo aliinuka kitini.

"Robinah ni nani?"

"Ndiye anaolewa!"

"Owor anamuoa Robinah?"

"Sasa amuoe nani, mimi?"

"Wewe huolewi?"

"Mimi napamba! Mimi ni mpambaji! Nani ataoa mimi na hii aibu?"

Ojiambo alipiga yowe lililowatoa madereva chini ya malori yao. Alikimbia na soksi. Alipita geti akaonyesha kitambulisho bila kusimama, na askari yule yule wa Jumatatu alipomuuliza anakimbilia wapi alijibu, "Hajaolewa, afande!" na askari, ambaye hakujua ni nani, alimpongeza.

Ng'ambo alifuata kelele za watu mpaka mdomo wa kile kijia cha nyuma ya hema, ambapo mama mmoja mwuza omena, dagaa wa ziwani, aliyeitwa Acom alikuwa amesimama juu ya kigoda chake, ufagio mkononi. Kijigari kilikuwa kimezama katika gunia lake la omena mpaka kwenye viti vyekundu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa bado yanarusha samaki hewani.

"Mama, usikipige! Ni cha harusi!" Ojiambo alizima swichi.

"Harusi ya nani? Ya majini?"

Kwenye kimto kulikuwa na pete moja. Ya pili haikuwepo. Ojiambo alipiga magoti na shati lake la pasi, akazamisha mikono katika omena.

"Haya, wewe! Ukimwaga omena zangu utazila zote hapa hapa," Acom alisema. Lakini alipoona kijana anavyochakura alishuka kwenye kigoda, akachukua ungo. "Ngoja. Huwezi kutafuta kama kuku. Tupepete."

Walipepeta. Pete ilipometa katikati ya visamaki, Acom aliifuta kwa pindo la kanga yake, akasema, "Na mimi nakuja. Harusi iliyokula omena zangu, nami nitakula pilau yake."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Owor na Robinah walivishana pete zilizonukia ziwa, mbele ya mwuza omena aliyekaa mstari wa mbele, na kijana asiye na viatu aliyekuwa anamtazama mpambaji badala ya maharusi. Robinah alipovishwa alinusa kidole chake, akakunja pua, kisha akaanza kucheka na wanja wake mashavuni, na hema zima likaangua kicheko. Mchungaji naye alicheka, ameshika goti.

Apendi hakucheka. Alimvuta Ojiambo nyuma ya masufuria ya pilau.

"Mota ile ni kali hivyo, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja niseme. Nikakukuta na gauni. Ukaniita mpenzi wangu. Nikaona... bi harusi gani huyu?"

Apendi alimtazama. Alifurahi kwa nukta moja tu, halafu akaelewa yaliyobaki. "Kwa hiyo siku zote hizi, simu zote zile, wewe ulifikiri mimi nina bwana wa kunioa Jumamosi, na nacheka na wewe?"

"Apendi..."

"Ulifikiri mimi ni mwanamke wa namna gani?"

Ojiambo alitazama soksi zake.

"Na bado uliniacha niaibike mbele ya watu." Alivua viatu vya visigino, akavishika mkononi, akarudi kwa wageni bila kugeuka.

Tangu hapo simu zake zilipokelewa na Prossy.

"Naomba Apendi."

"Apendi hapendi."

"Prossy, tafadhali."

"Shemeji, pole, nimeambiwa niseme hivyo. Mimi hata nimekuonea huruma. Lakini hapendi."

"Umeniita shemeji."

"Imeponyoka," Prossy alisema, akakata.

Jambo la ajabu ni kwamba aibu ile haikuua kazi ya Apendi. Wageni walikuwa wamepiga video. Katika Tororo na Busia zote mbili watu waliiangalia wakashika mbavu, na wachumba walianza kufika dukani wakiuliza kama wanaweza kupata "ile gari ya kutoroka". Apendi aliwajibu kwamba haipo tena. Hasira yake ilikuwa imepoa, lakini alichofikiriwa kilimuuma bado, hasa akikumbuka ni nani aliyekifikiria.

Alasiri moja alichukua bisibisi, akakifungua kijigari mwenyewe. Alikata nyaya, akaitoa mota, ikadondosha omena mmoja mkavu mezani. Akaifunga katika kitambaa cha zambarau.

"Unaenda wapi?" Prossy aliuliza.

"Kumrudishia kitu yake. Sitaki kitu ya mtu."

"Umepaka lipstiki."

"Ni jua. Midomo inakauka."

Alimkuta Ojiambo mezani, faili limefunguliwa, macho kwenye ukuta. Kijana aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka. Apendi aliweka mota mezani na maneno aliyoyapanga tangu Tororo yalikuwa tayari: chukua, kwaheri. Lakini Sangara alikuwa juu ya meza pembeni, boneti wazi, na katikati ya tumbo lake palikuwa na shimo. Nyaya mbili zilining'inia bila kushika chochote.

"Huyu anaumwa nini?" Apendi aliuliza.

"Hana mota."

"Iko wapi?"

Ojiambo aliangalia kile kitambaa cha zambarau.

Apendi alikaa polepole kwenye kiti cha wageni. "Na Jumapili? Majanji?"

"Nilikwenda nikashangilia wenzangu. Walishindana vizuri."

"Ojiambo, nisikilize. Ulifikiri naolewa na Owor."

"Ndiyo."

"Na ulifikiri mimi ni malaya kidogo."

"Sikufikiri hivyo. Nilifikiri... nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nataka niwe mimi." Aliinua kiti kilichoanguka. "Nilikosa. Ningekuuliza swali moja tu. Na kile cha kubonyeza, ningekwambia hata kwa simu. Simu niliishika mkononi. Nikanuna. Nisamehe."

"Lakini mota ulitoa kabla. Ulimpasua huyu samaki wako kwa ajili ya harusi unayoichukia. Kwa nini?"

Ojiambo alisugua shingo. "Ulisema bila gari watakucheka. Sikutaka uchekwe siku hiyo."

Feni ilizunguka. Nje dereva mmoja alimtukana mwenzake kwa Kiswahili cha Mombasa. Apendi alifuta pembe ya jicho kwa kitambaa cha zambarau, akajipaka grisi ya mota shavuni bila kujua.

"Washa hiyo chuma," alisema.

"Chuma gani?"

"Ya kulehemu. Nataka kumrudishia mwenyewe. Wewe utanishikia skrubu."

Alilehemu kwa mkono usiozoea, ulimi umebanwa kwenye mwanya. Ojiambo alimchania karatasi, naye akaibana kati ya gia kama alivyoelekezwa, akakaza, akavuta. Walimweka Sangara sakafuni. Apendi akagusa kijitufe, taratibu sana. Sangara alirudi nyuma kwa kasi, akagonga mafaili, na fomu za mahindi zikawaangukia wote wawili.

"Umegeuza nyaya," Ojiambo alisema chini ya karatasi.

"Nimegeuza, au umenishikia vibaya?"

"Nimekushikia vibaya, mpenzi."

Apendi alimtazama. "Sema tena."

"Mpenzi."

"Ngoja nisikie vizuri, maana mimi neno hilo nagawa hovyo. Wewe huligawi." Alimtoa fomu kichwani. "Sawa. Nimekusamehe. Si yote, nyingine nitasamehe pole pole."

Ndipo simu ya Apendi ilipolia. Aliyepiga alikuwa mama yake, ambaye alikuwa amesikia kwa Prossy kila kitu na zaidi. Walizungumza Kijapadhola, lugha ya kwao, kwa haraka, Apendi akisema "la, la" na kugeukia ukutani. Kisha alimpa Ojiambo simu, macho yamemtoka.

"Anakutaka wewe. Kiswahili yake ni kidogo."

Ojiambo alisimama wima, akavuta shati, akaishika simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, Mama."

"Eh. Wewe ndiye ya gari?"

"Ndiyo, Mama."

"Wewe nataka msichana yangu?"

Alimtazama Apendi, grisi shavuni, sketi imejaa fomu za mahindi. Apendi alijifanya anatafuta skrubu sakafuni.

"Namtaka, Mama. Sana."

"Sasa simu ya nini?" mama alisema. "Kuja nyumbani."